Indiketa niliiona, kijiwe kinataka niseme sikuiona

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni dereva bodaboda, nina miaka 31. Kijiwe chetu kiko Mbezi, upande wa barabara ya Morogoro unaoelekea Kibaha. Tuko 34 kwenye daftari na huu ni mwaka wangu wa pili wa uenyekiti. Sijawahi kuandikia safu yoyote. Hii naiandika saa nane usiku, maana usingizi umenikataa tangu tulipomsafirisha Jirani.

Ndivyo tulivyokuwa tukiitana, Jirani na Jirani. Tulipanga vyumba vinavyotazamana, mlango kwa mlango, na pikipiki zetu zililala pamoja ukumbini zimefungwa mnyororo mmoja. Akiwasha yake saa kumi na moja alfajiri, mimi ndiyo saa yangu ya kuamka. Mkewe akikaanga maandazi, la kwanza linavuka kuja kwangu. Alikuwa na pikipiki ya mkataba, hesabu 10,000 kwa siku, mwaka mmoja iwe yake. Alikuwa amefikisha miezi minane.

Alhamisi ya wiki mbili zilizopita, kama saa kumi na mbili kasoro jioni, tulipata abiria wawili wa kwenda Kibamba, mtu na dada yake. Tukawafikisha, wakatulipa, tukasema tusogee mbele kidogo kuangalia kama kuna wa kurudi naye. Kulikuwa na manyunyu, si mvua. Mbele yetu kulikuwa na semi imepunguza mwendo. Dereva alikuwa anaingia yadi iliyoko kushoto.

Mjomba, lile lori liligonga rafiki yangu. Tairi za nyuma za tela zilimkuta ubavuni. Kofia alikuwa ameivaa lakini mkanda wa kidevuni hakufunga, alikuwa hafungi kamwe, anasema unamkaba. Kofia ilivuka mtaro yenyewe. Tulimkunja kwenye bajaji, kichwa mapajani mwangu, na kabla hatujafika hospitali alikuwa ameshaondoka.

Watu walijaa. Vijana wa vijiwe vya jirani walikuja na petroli kwenye chupa. Mimi nilikuwa nimeshaondoka na majeruhi, lakini kabla sijaondoka niliwaambia wawili wa kwetu wasimame mlangoni mwa lori, wasitoke. Walisimama. Dereva ni mzee wa makamo, mweupe wa nywele. Nilimwona amekaa chini, miguu kaitandaza kama mtoto, anasema neno moja tu: "Sikumwona. Sikumwona."

Jumapili tuliusindikiza mwili. Marehemu kwao ni Same, kwa hiyo Coaster ilibidi ipite njia ileile, mahali palepale. Tulikubaliana twende taratibu, taa zikiwaka, mpaka Kibaha, halafu turudi. Haikuwa hivyo. Zilikuja pikipiki nisizozijua, zaidi ya 100. Honi, watu wamesimama juu ya siti, tairi za mbele juu, wengi vichwa wazi. Kijana mmoja alimgonga mwenzake, wote wakaanguka mbele ya Coaster, dereva akakanyaga breki hadi jeneza likasogea. Mimi nilikuwa kando ya dirisha. Mama wa marehemu alikuwa ameziba masikio kwa mikono miwili.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikuandikie. Siku ya tukio askari wa usalama barabarani alichukua jina langu na namba. Amenipigia, Jumatatu niende kituoni nikaandike maelezo, kwa sababu mimi ndiye shahidi wa karibu. Dereva yuko nje kwa dhamana. Kijiwe kimekaa kikao bila mimi. Katibu akaja nyumbani akaniambia: "Mwenyekiti, useme hakuwasha indiketa. Ukisema aliwasha, shemeji hapati shilingi, na jamaa anarudi barabarani kuua mwingine. Marehemu hasemwi vibaya." Wote 33 wako upande wake.

Indiketa ya kushoto ilikuwa inawaka. Niliiona.

Niliiona kwa sababu mimi ndiye niliyepita kwanza. Lori lilisogea kulia kidogo, kushoto kukabaki nafasi nzuri tu, nikatanua, nikapenya. Jirani alikuwa nyuma yangu. Hakuwa na sababu ya kupita pale isipokuwa mimi nilikuwa nimepita. Nilimwona kwenye kioo changu cha pembeni, kile kimoja kilichobaki, halafu sikumwona. Hili sijamwambia mtu. Askari hajui, katibu hajui, mke wangu hajui.

Mjane wake ana mtoto wa miaka mitatu na mimba ya miezi sita. Siku ya tatu aliniuliza, "Shemeji, wewe ulikuwepo. Aliteseka?" Nikamwambia alikata roho palepale. Si kweli. Kwenye bajaji alifumbua macho akaniuliza, "Pikipiki iko wapi?" Mara mbili. Nikamwambia ipo, nzima. Haikuwa nzima.

Na mwenye pikipiki ameshatuma mtu kumuuliza mjane malipo ya miezi minne iliyobaki yatatoka wapi.

Mjomba, Jumatatu niseme nini? Nikisema ukweli namzika Jirani mara ya pili na familia yake inalala njaa. Nikisema uongo yule mzee anafungwa. Na nikiwa juu ya pikipiki, lori likinikaribia, mkono wa kulia unatetemeka hadi naachia mafuta.

Ni mimi, Mwenyekiti, Mbezi.

* * *

Marahaba, mpwa wangu. Pole sana, na unifikishie pole kwa shemeji yako.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona ni ya indiketa. Mara ya pili nikaona indiketa umeipa mistari mingi ili ile sentensi nyingine ipite haraka, ile ya kwamba wewe ndiye uliyepita kwanza. Nitaijibu hiyo. Lakini Jumatatu iko karibu, kwa hiyo kituoni kwanza.

Utasema ulichokiona. Indiketa iliwaka, sema iliwaka. Lori lilisogea kulia, sema lilisogea kulia. Ulipita kushoto, mwenzio akafuata, sema. Usichokijua usikijaze: hukupima mwendo wa lori, kwa hiyo usiseme "lilikuwa kasi", wala usiseme "lilikuwa taratibu" ili kumpendeza mzee. Askari akiuliza kama dereva alitazama kioo, jibu ni kwamba ulikuwa nje ya lori, hujui. Ukimaliza, omba usomewe au usome mwenyewe kabla ya kuweka sahihi. Maneno ya mtu hubadilika yakipita kwenye kalamu ya mtu mwingine, hata bila nia mbaya. Neno likikaa vibaya, liombe lirekebishwe hapohapo.

Kutoa maelezo ya uongo polisi ni kosa la jinai, na dereva anayetiwa hatiani kwa kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari anaweza kwenda jela. Unachoombwa na katibu ni kumpeleka mtu jela kwa taa uliyoiona kwa macho yako ikiwaka. Wewe ndiye uliyeweka walinzi wawili mlangoni mwa lori ili mzee yule asichomwe moto. Sioni jinsi mtu wa jioni ile anaweza kuwa mtu wa Jumatatu anayotaka katibu.

Kwa kuwa na wewe ulipita kushoto, kabla ya Jumatatu tafuta wakili, au msaidizi wa kisheria kwenye kata yenu. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 watu hawa wanatambulika rasmi na wanasaidia bila malipo. Lengo liwe kujua unasimama wapi kabla hujaketi mbele ya askari, si kujifunza namna ya kukwepa.

Katibu amekwambia jambo moja ambalo si sahihi, na nadhani analiamini kweli. Anadhani kosa la marehemu linafuta haki ya mjane. Madai ya fidia hayaendi hivyo. Lawama inaweza kugawanywa: dereva sehemu yake, marehemu sehemu yake, na fidia ikapungua kwa kadiri ya sehemu ya marehemu. Inapungua, haifutiki kwa sababu hiyo peke yake. Na hapa dereva hajatoka msafi bado. Anayekunja kona na tela ana wajibu wa kuhakikisha ubavu wake ni mtupu, indiketa au bila indiketa. Hilo litapimwa na wanaopima. Kinachoweza kuharibu madai ni shahidi mkuu kukutwa anasema uongo. Yadi ina mlinzi, yadi pengine ina kamera, na barabara ile haikosi macho. Siku uongo wako utakapovuliwa nguo, hata yale ya kweli uliyosema hayataaminika, na atakayelipa ni shemeji.

Kwa hiyo mkitaka kumsaidia, kazi ipo na ni ya makaratasi. Lori lile lazima lina bima, walau ile ya mtu wa tatu, na bima hiyo ipo kwa ajili ya watu kama Jirani. Chukueni namba ya gari na jina la kampuni ya bima kutoka polisi. Ombeni ripoti ya ajali na mchoro. Cheti cha kifo kinatoka RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo. Ukoo ukae kikao, uandike muhtasari, umpendekeze msimamizi wa mirathi, halafu waende Mahakama ya Mwanzo athibitishwe. Nashauri awe mjane mwenyewe, au yeye pamoja na ndugu mmoja wa Same. Bila msimamizi hakuna wa kuzungumza na bima kwa niaba ya marehemu. Msikae miezi mkisubiri kesi ya jinai iishe, madai yana muda wake wa mwisho.

Na mtu akija nyumbani na bahasha ya rambirambi kutoka kwa wenye lori, ipokeeni kwa heshima. Akitoa na karatasi ya kusaini, msisaini. Nimewahi kuona karatasi ya namna hiyo, imeandikwa kwa lugha ya pole hadi mstari wa mwisho unaosema familia haitadai tena chochote. Ilisainiwa siku ya pili ya msiba, kwa dole gumba.

Mwenye pikipiki mwambieni deni lolote analoamini anadai alipeleke kwa msimamizi wa mirathi, litazamwe pamoja na mali ya marehemu na mkataba ukiwa mezani. Mjane hawezi kuwekwa kikaangoni chumbani kwake kwa deni la mtu mwingine. Na aje na mkataba kweli, maana mikataba mingi ya pikipiki ni karatasi moja aliyobaki nayo tajiri.

Sasa lile la pili.

Kabla sijashika kalamu nilishika usukani, miaka 11, Dar hadi Tunduma na kurudi. Nataka nikupandishe kwenye kile kiti, kwa sababu mzee wako aliyekaa chini akisema "sikumwona" anaweza kuwa alikuwa anasema kweli tupu, na vijiwe vingi haviamini kwamba inawezekana kutokuona kitu kikubwa kama pikipiki na mtu juu yake.

Dereva anakaa kulia, juu, macho yake yakiwa juu ya kimo cha mtu aliyesimama chini. Upande wa kushoto ana dirisha lililo mbali naye na kioo. Chini ya dirisha lile, kuanzia mlangoni hadi mita kadhaa nyuma, kuna eneo ambalo kioo cha kawaida hakilifikii. Pikipiki inakaa humo yote, taa na honi na kila kitu. Lori linapokwenda moja kwa moja kioo kinakuonyesha walau ubavu wa tela. Likianza kukunja kushoto, kichwa kinageuka na kioo kinageuka nacho, na unachokiona ni ukuta wa tela peke yake. Ulichokuwa unakiona mwanzo wa kona hukioni tena. Enzi zetu dawa yake ilikuwa utingo. Wangu alikuwa anatoa kichwa dirishani, anagonga mlango mara moja kama pako salama, mara mbili simama. Alikuwa jicho langu la kushoto. Siku hizi madereva wengi wanatembea peke yao, na ukiniuliza mimi, hilo ni miongoni mwa mambo yanayowaua watu kimyakimya.

Halafu kuna ile nafasi. Hii ndiyo nataka uisome polepole.

Umesema lori lilisogea kulia na kushoto kukabaki nafasi nzuri. Mpwa wangu, dereva yule hakuwa anakupisheni. Tela haliwezi kukunja kona kwa kufuata njia ya kichwa. Tairi za nyuma zinakata, zinapita ndani zaidi ya tairi za mbele. Ukitaka kuingia geti la kushoto bila kupanda nguzo ya geti, lazima kwanza utoke kulia, uchukue uwanja, ndipo ukunje. Kwa anayekuja nyuma na pikipiki, lile tendo la kuchukua uwanja linafanana kabisa na mtu muungwana anayekupa njia. Nafasi inafunguka. Halafu inajifunga, na inajifungia nyuma, kwenye tairi za tela, si mbele unakotazama.

Fanya hesabu ya sekunde. Tuseme lori lilikuwa kilomita 15 kwa saa na wewe 40. Unalipita kwa tofauti ya 25, ambayo ni karibu mita 7 kila sekunde. Semi yenye mita 17 unaimaliza kwa sekunde mbili na nusu hivi. Wewe sekunde zako mbili na nusu ziliangukia kabla usukani haujazungushwa. Zake ziliangukia baada. Hamkutofautiana kwa ustadi wala kwa uzoefu. Lori lilikuwa limeanza kukunja, basi.

Je, ulimuua? Hapana. Je, ulipita kwanza, na yeye akakufuata? Ndiyo. Sitakwambia usijisikie vibaya, ungeacha kusoma hapa, na ungekuwa na haki. Mtu mzima mwenye leseni aliamua kufuata, kama wewe ulivyowahi kumfuata yeye mara ngapi, kwenye njia ya mwendokasi, kwenye service road mkienda kinyume, kati ya daladala mbili. Mmekuwa mkipitana kwenye matundu hayo kwa miaka na kila mmoja akipona anamfundisha mwenzake kwamba panapitika. Alhamisi ile ilikuwa zamu yako kuwa mbele. Utalibeba, lakini libebe kwa ukubwa wake halisi. Ukilificha litakua.

Na halifichiki tena kwa sababu nyingine: ndilo jambo pekee kwenye msiba huu ambalo wale 33 wanahitaji kulisikia. Wakibaki na hadithi ya dereva muuaji asiyewasha indiketa, kesho watatazama indiketa tu. Isipowaka watapita, ikiwaka watapita haraka. Habari ya nafasi inayofunguka ili ifunge hawatakuwa nayo.

Kwa hiyo waambie kabla ya Jumatatu, wasisikie kutoka kituoni. Anza na katibu peke yake, jioni, bila bia. Usianze na indiketa. Anza na "mimi nilipita kwanza". Nadhani akishasikia hilo hatakuwa na nguvu ya kubishana kuhusu taa. Kisha kijiwe kizima, asubuhi, kabla abiria hawajawa wengi. Watakaokasirika watakuwepo. Pengine mmoja atasema uenyekiti uuweke chini. Mwambie uko tayari, daftari liko mezani. Na kuhusu marehemu hasemwi vibaya: kumsema vibaya ni kutaja madeni yake na wanawake. Kusema alipita kushoto kwa lori ni kusema alikuwa bodaboda wa Dar es Salaam.

Mkanda wa kofia nao utajeni. Kofia isiyofungwa ni kofia unayoisafirisha tu. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa na Cochrane mwaka 2008 ulikuta kofia inapunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki kufa kwenye ajali kwa takriban 42%, na wa kuumia kichwa kwa 69%. Lakini kofia inasaidia ikibaki kichwani. Unaomkaba mtu ni mkanda uliofupishwa vibaya au kofia ya saizi ya mwingine. Unarefushwa hadi vidole viwili vipite chini ya kidevu. Na ile ya abiria inayonuka jasho la mji mzima, wekeni vitambaa vyepesi vya kuvaa ndani, mfue. Abiria wengi hawaikatai kofia, wanakikataa kichwa cha mtu aliyetangulia.

Hukuniuliza kuhusu bajaji, lakini nimeona umeandika "tulimkunja". Hamkuwa na kingine, na sidhani kama pana wa kukulaumu. Ila waiteni Msalaba Mwekundu wawafundishe huduma ya kwanza, namna ya kubana damu, namna ya kumbeba mtu shingo ikiwa imenyooka. Nyinyi ndio mnaofika kwanza kwenye kila ajali ya barabara ile.

Shemeji yako amekuuliza swali na ukampa jibu la kumfariji. Usikimbilie kulitengua wiki hii na mimba ya miezi sita. Lakini atauliza tena, wajane huuliza tena, na siku hiyo usirudie. Mwambie alikuwa hai kidogo, kichwa kikiwa mapajani mwako, na hakuwa peke yake. Mwambie aliuliza pikipiki iko wapi. Wewe umelisikia kama neno la kusikitisha. Yeye aliyekuwa anahesabu naye ile miezi minne kila usiku anaweza kulisikia vingine kabisa. Lile la kupita kwanza, alisikie kwako pia, mdomoni mwako, kabla halijamfikia kwa majirani. Mke wako awepo. Mweleze mke wako kwanza, usiku huuhuu kama bado uko macho.

Mkono unaotetemeka ni mwili unakwambia bado uko Alhamisi. Usibebe abiria kwa sasa. Mpe mtu pikipiki kama deiwaka, aiendeshe kwa siku, upate hata nusu ya hesabu, ujikalie. Usingizi ukizidi kugoma, nenda hospitali ukaseme hivihivi ulivyoniandikia, wapo wanaotibu hilo, si wazimu. Ukirudi barabarani anza asubuhi ya Jumapili, bila mtu nyuma, na ununue kile kioo cha pili.

Na mpigieni simu mama wa Same. Sauti, si ujumbe. Ule msafara haukuwa wenu wote, najua, lakini jeneza lilisogea mbele ya macho yake na hakuna aliyemwambia samahani. Arobaini ikifika, mkiamua kwenda, nendeni kwa basi.

Jambo la mwisho ni ombi langu kwako, Mwenyekiti. Nina rafiki wa zamani anayelaza semi yake Kibaha. Nimeshaongea naye. Jumapili baada ya arobaini ataizima, ataweka vigingi kwenye tairi, na kila mmoja wenu atapanda kukaa kwenye kiti cha dereva, dakika mbili tu, huku wenzake wamesimama na pikipiki zao ubavu wa kushoto. Atahesabu anaona wangapi. Njooni wote 34, katibu apande wa kwanza, na mtu aje na rangi nyeupe: tunataka kuchora pale chini mstari wa wale wasioonekana, upate urefu wake kwa hatua.